Tabaka la Mgeni

Kiota kilikuwa kinanguruma, na kila kiliponguruma Chelangat alihisi kana kwamba anayekemewa ni yeye.

Hakikuwa kiota cha ndege. Kilikuwa kitanda kidogo cha faiba chenye mfuniko wa mviringo, mwembamba kama ganda la yai, kilichokusudiwa kumbeba mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, kimtoe hospitali ya misheni kule Kuresoi na kumfikisha Nakuru angali na joto. Hospitali iliagiza, karakana ya matangi ya Mzee Jagdish pale Industrial Area mjini Nakuru ikakubali, na mafundi wakakibatiza kiota hata kabla gundi haijakauka. Kilikuwa chepesi, muuguzi mmoja angeweza kukibeba bila kuita mtu. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Injini ya gari ikiwaka, mfuniko uliitika. Uliimba wimbo mmoja mzito usiokwisha, mmmmm, na aliyeingiza kichwa ndani alijiona yuko tumboni mwa ngoma.

"Kikinguruma sikichukui," Sista Akoth, muuguzi mkuu wa watoto kule Kuresoi, alikuwa amesema kwenye simu kwa sauti ya mtu asiyependa kurudia maneno. "Mtoto wa kilo moja na nusu hana nguvu ya kushindana na kelele. Nakuja Ijumaa. Kikiwa kimya, tutachukua hicho na vingine. Kikiwa na kelele, kaeni nacho, mimi nitaendelea na blanketi na chupa zangu za maji moto."

Na leo ilikuwa Alhamisi.

Chelangat hakuhitaji kuelezwa habari za watoto wa kilo moja na nusu. Mwanawe Kipkemei, ambaye karakana nzima ilimwita Kemei, alikuja duniani kiangazi kilichopita na haraka zake, mdogo kama mkate wa nusu, akalazwa kwenye mashine ya joto mpaka mamake akaujua mlio wa ile mashine kama anavyojua kikohozi cha jirani. Feni ikibadilisha sauti, mtoto alikunja uso. Sasa Kemei alikuwa na mashavu ya kujivunia na jino moja la kuuma watu, lakini ule uso uliokunjamana mamake hakuwa ameusahau.

Kwa hivyo kiota hiki alikiomba mwenyewe. Mchana Chelangat alikuwa fundi wa kulaza faiba, glavu mkononi na brashi kwenye kopo, bega kwa bega na rafikiye Wangeci. Jioni alikimbilia darasa la diploma ya mitambo, akarudi nyumbani Kaptembwo na kitabu kwapani. Jaydeep, kijana wa mzee, alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, na siku alipomkuta akirekebisha hesabu ubaoni wakati wa chakula, alimvutia kiti mbele ya kompyuta ya ofisi.

"Ganda zima kompyuta haiwezi kulielewa mara moja, Mama Kemei," alimwambia. "Lazima uikatie, kama vile unamkatia mtoto chapati."

Wakaukata mfuniko. Si kwa msumeno, bali kwa wavu uliochorwa kwenye skrini, mfuniko ukagawanyika kuwa vipande vidogo vidogo vyenye pembe, na kila pembe ikafungwa fundo na pembe ya jirani. Kila kipande kilipewa habari zake: unene wake, uzito wake, tabaka zake za faiba na upande nyuzi zilikolala. Ukikisukuma kimoja, kinamsukuma wa kando, naye wa kando anamsukuma mwingine, mpaka habari ifike ukingoni.

"Huu si ni umbea wa ploti," Chelangat alisema. "Mtu wa chumba cha kwanza akipiga chafya, wa mwisho anajua ana homa."

"Sasa hiyo," Jaydeep alisema, "ndiyo hesabu nililipiwa karo kuelewa."

Dawa ya mngurumo ilikuwa visahani vya shaba vyembamba, kila kimoja na kauri nyeupe mgongoni. Vina jina lake, piezo, na vina tabia ya ajabu: ukivipa umeme vinajinyoosha na kujikunja, na wewe ukivikunja, vyenyewe vinakupa umeme kidogo. Jaydeep alitaka kuviagiza ng'ambo. Chelangat akamkumbusha kwamba huu ni mwezi wa Oktoba, na kila duka la vitabu Nakuru limejaa kadi za kuwatakia watahiniwa heri, zile ukizifungua zinaimba. Kinachoimba mle ndani ni nini, kama si kisahani cha shaba? Wakanunua kadi bunda zima, wakazipasua, na kwa siku mbili ofisi ikawa kama kwaya iliyoambiwa inyamaze mmoja mmoja.

Kadi moja tu ilisalimika. Wangeci alimletea Chelangat kama zawadi, kwa vile naye alikuwa na mtihani wake wa jioni mwezi ujao. "Hii usipasue," alimwonya. "Hii ni ya akili yako." Chelangat aliiweka kwenye mkoba, na kila jioni Kemei aliifungua, akasikiliza, akatikisa makalio.

Visahani vingine wakavifanya masikio ya kiota, na vingine mikono. Sikio linahisi mfuniko ukianza kutetemeka, linatuma habari kwenye kisanduku cha nyaya cha Jaydeep, kisanduku kinaigeuza, na mkono unasukuma kinyume. Mtetemo ukipanda unashushwa, ukishuka unapandishwa, mpaka unachoka. Ilikuwa kama kumbembeleza mtoto kwa kumpigapiga mgongoni. Ila lazima umpige kwa mdundo wake na mahali pake, la sivyo unamwamsha zaidi. Sikio likibandikwa pale ambapo mfuniko hautikisiki, halisikii kitu, na mkono ukiwekwa hapo unasukuma ukuta. Ndiyo maana walikata ule wavu wote: kompyuta iwaambie ni wapi panapocheza, ni wapi panapotulia, na kwa mdundo gani.

Kompyuta ilisema mstari wa utulivu unapita katikati ya mfuniko, wima, toka kichwani hadi miguuni. Chelangat akabandika visahani kushoto na kulia, akaviunganisha, akawasha. Kiota kikanguruma kama kawaida, na juu yake kikaongeza kibweko kidogo kama cha mbwa aliyekanyagwa mkia.

*

Alhamisi hiyo asubuhi alileta chenga za mahindi kutoka kinu cha kusagia karibu na nyumbani. Alikifunga kiota mezani juu ya mota iliyotundikwa uzito upande mmoja ili itetemeke kama injini ya gari, akanyunyiza chenga juu ya mfuniko, akawasha. Zikaanza kuruka. Panapotikisika zilikimbia, panapotulia zilikaa, kama watu wanaotafuta kivuli.

"Mama Kemei, hiyo unapika lini?" Wangeci aliuliza kutoka kwenye kalibu la tangi alilokuwa akilipaka. "Mimi nilikuja bila kunywa uji."

"Njoo uone kwanza."

Wangeci akaja, glavu zikidondosha gundi. Chenga zilikuwa zimejipanga mstari mmoja safi, lakini haukuwa wima. Ulianza juu kushoto ukaishia chini kulia, umelala mshazari mgongoni mwa kiota.

"Umelala upande," Wangeci alisema.

"Na sauti iko juu kuliko ile kompyuta ilisema. Hiki kitu ni kigumu kuliko nilivyokihesabu, halafu kimepinda mahali sijui."

"Labda meza imeinama."

Wakapima meza kwa pima-maji. Meza ilikuwa haina neno. Chelangat akarudi kwenye kompyuta, akakata vipande vidogo zaidi. Mstari ukabaki wima. Akaongeza uzito wa gundi, akapunguza, akaongeza tena. Wima. Jaydeep akavuta kiti kando yake, akakuna shingo.

"Labda gundi ilikauka vibaya," alisema. "Au zile nguvu za faiba tulizoandika ni za kiwanda kingine. Tukipata wiki mbili tunaweza kutengeneza kingine tupime."

"Wiki mbili hatuna. Tuna kesho."

Nje gari la kampeni likapita na spika juu ya paa, likiahidi barabara, maji na stima kwa sauti ya kupasua vioo. Mshale wa mita iliyounganishwa na masikio ya kiota ukaruka hadi mwisho.

"Angalau kinasikia siasa," Wangeci alisema.

Chelangat akacheka kidogo, akarudisha macho kwenye mstari wa chenga. Alijaribu kuwaza kurudi nyumbani amwambie Kemei, ambaye haelewi neno ila anaelewa uso, kwamba watoto wa Kuresoi watashuka Molo kwenye blanketi, kwa barabara ile yenye mashimo, kwa sababu mama hakuona kosa lililokuwa mbele ya macho yake. Maana kosa lilikuwepo. Chenga hazina sababu ya kudanganya.

Saa nne aliinuka kuchemsha chai. Hata mtu akishindwa na hesabu, chai hainywewi kesho. Akaweka maziwa, majani, tangawizi aliyoipenda mzee, akawaita: Mzee Jagdish kutoka stoo, Jaydeep, Wangeci. Ndipo honi ikalia getini, na Land Rover ya hospitali ikaingia imepakwa matope hadi madirishani.

Sista Akoth akashuka. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sweta la bluu, na alitembea kama anayepita kati ya vitanda.

"Najua nilisema kesho," alisema akisalimia watu wote kwa mkono. "Gari lilikuwa linakuja kuchukua dawa, nikasema nisipoteze nafasi. Hamjambo? Kiko wapi?"

Chelangat akamvutia kiti. "Karibu Sista. Hujambo. Kaa kwanza unywe chai."

"Msisumbuke, mmeshapimiana chai yenu."

"Hakuna usumbufu." Akamimina. Kikombe cha mzee, cha Jaydeep, cha Wangeci, chake, na cha Sista, kikajaa mpaka ukingoni, na birika likaisha hapo hapo.

Sista Akoth akatazama birika, akatazama vikombe. "Kumbe mlijua nakuja."

"Hatukujua," Mzee Jagdish alisema, akifurahi kana kwamba ni yeye aliyemwita. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama yangu alikuwa na duka Molo, Sista. Kila siku chapati moja zaidi. Sisi tukiuliza ya nani, yeye anasema, ya yule hatujui. Hata hapa chai ni hivyo hivyo. Ya mgeni iko ndani kila siku."

"Na mgeni asipokuja?"

"Wangeci yuko," Jaydeep alisema.

"Heh, mimi nisingiziwe tu," Wangeci alisema. "Si ndio sheria ya hapa? Chai ya watu wanne ni vikombe vitano. Ile ya mgeni haihesabiwi, inakuwa tu."

Chelangat alikuwa bado ameshika birika tupu. Alilitazama. Kisha akatazama mikono yake mwenyewe, yenye madoa ya gundi yasiyotoka hata kwa mafuta ya taa, na mikono ikakumbuka kabla ya kichwa.

"Wangeci," alisema polepole. "Mfuniko wa kiota tuliulaza tabaka ngapi?"

"Nne. Si ulikuwepo? Tulilaza na wewe."

"Na ya mgeni?"

"Na ya mgeni, ndiyo. Nne, na ya mgeni."

"Ya mgeni tunailaza vipi?"

Wangeci alimtazama kama mtu aliyeulizwa mdomo wake uko wapi. Akainua mkono, akauteremsha kutoka bega la kushoto hadi nyonga ya kulia, vile mama anavyopitisha leso akimfunga mtoto mgongoni. "Mshazari. Si ndivyo mzee alitufundisha wote. Ya mgeni unaifunga kama mtoto, ndiyo ishike."

Watu wote wakageukia meza, ambako mstari wa chenga ulikuwa bado umelala mgongoni mwa kiota, kutoka bega la kushoto hadi nyonga ya kulia.

Jaydeep akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Papa. Kuna tabaka zima la faiba ambalo haliko kwenye mchoro wowote wa karakana hii. Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Mzee Jagdish alisema kwa utulivu. "Kila tangi ninatoa hapa, kuna pigo moja hatujui litatoka wapi. Hilo tabaka ni lake. Nani anaandika mgeni kwenye hesabu? Anaona haya, harudi."

"Mimi ndiye niliandika nne," Chelangat alisema. "Nimelaza tabaka la mgeni miaka mitatu, mpaka silioni tena. Nikakaa kwenye kompyuta nikaandika nne na roho safi."

Sista Akoth aliweka kikombe chini. "Nielewesheni. Kitanda ni kibovu?"

"Hapana Sista. Kitanda ni kizima, na ni imara kuliko nilivyokiandika. Ni mimi niliyekipiga mgongo mahali ambapo hakilii. Nakuomba mpaka jioni."

Muuguzi alimtazama kama anayesoma joto la mgonjwa. "Nakwenda kuchukua dawa, na nina watu wa kuona hospitali kuu. Nikirudi nataka kurudi Kuresoi kabla mvua haijashika barabara. Nitawasha gari, mtakiweka nyuma, nitaingiza kichwa. Sitaongeza siku."

"Sawa Sista. Asante."

*

Kwenye kompyuta kila kipande cha wavu kilikuwa na tumbo lake la tabaka, zimepangwa moja juu ya nyingine kama mikeka. Chelangat akaongeza moja juu, nyuzi zake akazigeuza mshazari, nusu ya pembe mraba, akaiambia kompyuta ihesabu. Mashine ya ofisi haikuwa kijana tena, ilivuma na kufikiri, na wakati ikifikiri watu wanne walisimama mbele yake wakiwa wameacha kazi zao zote.

Picha ikaja. Rangi zilijigawa pande mbili, na katikati yake mstari wa utulivu ulikuwa umelala, juu kushoto hadi chini kulia. Mdundo ulikuwa umepanda hadi pale pale mita ilipoonyesha.

"Salaale," Wangeci alisema kwa sauti ndogo. "Imechora chenga zako."

Hapo kazi ikawa ya mikono, na mikono Chelangat alikuwa nayo. Walibandua visahani kwa wembe, mmoja akishika, mwingine akipasha gundi joto kwa mashine ya kukausha nywele ya mke wa Jaydeep. Walivihamisha kuvuka ule mstari mshazari, masikio huku na mikono huku. Kisahani cha mwisho, sikio la kule chini karibu na miguu ya mtoto, kilitoka na sauti ndogo ya biskuti. Kauri ilikuwa imepasuka katikati.

"Kingine kiko wapi?" Jaydeep aliuliza.

"Hakuna kingine. Hata hicho kilikuwa cha akiba."

Halafu Wangeci akavua glavu, akaenda kwenye ndoano ya mikoba, akarudi na kadi. Akaifungua mara moja ya mwisho. Ikaimba kwa sauti yake nyembamba ya mbu aliyekwenda shule, akaiacha imalize ubeti, kisha akachana karatasi kwa ukucha.

"Ulisema nisiipasue," Chelangat alisema.

"Nilisema wewe usipasue. Mimi ndiye nimepasua. Chukua kabla sijalia."

*

Land Rover ilirudi mawingu yakiwa yameshafunika kilele cha Menengai. Dereva akaisimamisha mlangoni bila kuizima, kama alivyoambiwa, na Mzee Jagdish mwenyewe akasaidia kukifunga kiota nyuma, kando ya maboksi ya dawa. Kikaanza papo hapo: mmmmm. Chelangat akanyunyiza chenga. Zikarukaruka, zikajipanga mshazari. Sista Akoth alisimama mikono kifuani.

"Hivyo ndivyo kilivyo bila kitu," Chelangat alisema. Kidole chake kilikuwa juu ya swichi ya kisanduku. Akabonyeza.

Mngurumo haukukatika. Ulififia, kama mtoto aliyekuwa akilia akagundua amebebwa, akaendelea kidogo kwa mazoea, kisha akasahau alichokuwa akililia. Chenga zilirukaruka mara chache, moja moja, zikalala zilipokuwa. Injini iliendelea kunguruma chini yake, lakini mfuniko haukuitika tena.

Sista Akoth akainama, akafungua kidirisha cha pembeni, akaingiza kichwa chake chote ndani ya kiota. Akakaa humo. Wangeci alimshika Chelangat mkono mpaka ukauma. Jaydeep alikuwa akitazama mshale wa mita, na mzee alikuwa akitazama mvua.

Muuguzi akatoa kichwa, akarekebisha kitambaa chake.

"Nasikia saa yangu," alisema.

Akainua mkono wenye saa, akaiweka karibu na sikio lake kana kwamba haamini kuwa ina mlio, akatikisa kichwa. Kisha akamgeukia Chelangat. "Wako alizaliwa na kilo ngapi?"

Chelangat hakuwa amemwambia neno juu ya Kemei. "Moja na robo, Sista."

"Nilijua. Mtu hahangaiki hivi na kelele kama hajawahi kuisikiliza." Akafunga kidirisha kwa upole. "Hiki naondoka nacho. Tengenezeni vingine viwili, na msiondoe lile tabaka la mgeni. Barabara yetu ina wageni wengi."

"Safari hii nitaliandika kwenye mchoro," Chelangat alisema.

"Liandike," Mzee Jagdish alisema, "lakini chai usipunguze."

Walicheka, hata dereva, ambaye hakuwa amepewa chai na alilisema hilo waziwazi. Chelangat alimletea kikombe, kisha akapanda tena nyuma kuhakikisha nyaya hazivutwi na maboksi. Wangeci akamfuata, ile kadi tupu mkononi. Akaifungua. Ilikuwa bubu.

"Kemei atatikisa makalio na nini sasa?" Chelangat aliuliza.

Wangeci akafikiri. Akainama juu ya kiota, karibu na sikio lililotoka kwenye kadi yake, akaanza kuuimba wimbo wenyewe, vibaya, akiruka pale asipokumbuka. Mshale wa mita ukainuka kidogo na kuanza kumfuata, nyuma na mbele, nyuma na mbele.

"Ona," alisema. "Bado kinaujua."